Kukuza Mtaji Mdogo kwa Sarafu za Kidijitali: Sheria Inatazama Nini?

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake.

Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi, Ngumbo na Liuli hadi Mbamba Bay, mtu huanza biashara kwa kidogo alichonacho. Hununua ndoo moja ya dagaa, akaianika, akaipeleka Mbinga au Songea, akarudi na thamani ya ndoo moja na nusu. Huo ndio mtaji wake wa safari ya pili. Kwa miaka ya karibuni simu imeleta mlango mwingine. Kijana mwenye shilingi laki moja anaambiwa anunue sarafu za kidijitali kama Bitcoin, auze na kununua tena kila siku, na aikuze akaunti yake pole pole mpaka iwe mtaji wa kununulia mtumbwi na nyavu. Kisha anakwenda kwa imamu na swali: "Sheikh, hii ni biashara au ni kamari?"

Imamu akijibu upesi kuwa ni halali, huenda akamtia mwenziwe katika riba. Na akijibu upesi kuwa yote ni haramu bila ya kubainisha, huenda akaharamisha jambo ambalo wanavyuoni wamekhitilafiana, na kijana akaenda kuuliza kwa wasiojua. Kwa hiyo tumeona tulifafanue suala hili kipengele kwa kipengele.

Mtaji mdogo una asili katika Sunna

Kwanza ieleweke kuwa Uislamu haudharau mtaji mdogo, wala haulaumu kukua pole pole. Tunayo mifano mitatu iliyo mashuhuri.

Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipohamia Madina hakuwa na mali. Saad bin Rabii (r.a.), aliyeunganishwa naye udugu, akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Alianza kwa jibini kavu na samli, na haukupita muda mrefu akaweza kuoa kwa mahari ya dhahabu yenye uzito wa kokwa ya tende. Habari hii imo katika Sahihi ya Bukhari.

Wa pili ni Urwa al-Bariqi (r.a.). Mtume (s.a.w.) alimpa dinari moja amnunulie kondoo. Yeye akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari moja, akarudi na kondoo pamoja na dinari. Mtume (s.a.w.) akamwombea baraka katika biashara yake. Hii nayo ameipokea Bukhari.

Wa tatu ni mtu wa Ansari aliyekuja kuomba. Abu Daud amepokea kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alivinadi vitu vyake viwili, shuka na chombo cha kunywea maji, vikauzwa kwa dirhamu mbili. Moja ikanunua chakula cha nyumbani, na ya pili ikanunua shoka. Akaambiwa akakate kuni na auze, na asionekane kwa siku kumi na tano. Alirudi akiwa na dirhamu kumi. Wanavyuoni wa Hadithi wameizungumzia sanadi yake, lakini mafaqihi wameitaja sana katika mlango wa kuhimiza kazi.

Katika mifano yote mitatu mtaji ulikuwa mdogo na ulikua. Lakini tutazame ulikuzwa na nini. Ulikuzwa na bidhaa iliyonunuliwa na kupokewa mkononi, na kazi ya mwenyewe, na hatari ambayo mfanyabiashara aliibeba yeye. Hakuna aliyekuzwa na mkopo wenye sharti. Na yule wa Ansari alitanguliza chakula cha nyumbani kabla ya shoka. Mizani hii ndiyo tutakayoitumia katika akaunti ya simu.

Je, sarafu hizi ni mali?

Bitcoin ilianza kutumika Januari 2009. Haina umbo la chuma wala karatasi. Ni hesabu iliyoandikwa katika daftari moja linalohifadhiwa na kompyuta nyingi duniani kwa pamoja, na haina serikali inayoidhamini. Swali la kwanza la fiqhi ni kama kitu hiki ni mali inayoweza kuuzwa.

Wanavyuoni wa zama zetu wamegawanyika. Idara ya Mambo ya Dini ya Uturuki mwaka 2017, na Mufti wa Misri, Sheikh Shawki Allam, Januari 2018, walikataza kwa sababu ya gharari, yaani utata na hatari iliyopita kiasi, na kwa kukosa mdhamini. Baraza la Ushauri wa Sharia la mamlaka ya masoko ya mitaji ya Malaysia liliruhusu mwaka 2020 biashara ya mali za kidijitali kwa masharti. Baraza la Maulamaa la Indonesia, Novemba 2021, lilikataza zisitumike kama fedha, na likaacha nafasi kwa zile zenye msingi wa mali na manufaa ya wazi. Na Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi, iliyo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, ililijadili suala hili Dubai mwaka 2019, ikaona bado linahitaji utafiti zaidi.

Ikhtilafu hii isitushangaze. Fedha imebadilika umbo mara nyingi, na kila mara mafaqihi wamelazimika kutazama upya. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye majina yao. Sarafu za shaba, ambazo vitabu vya fiqhi huziita fulus, zina mjadala wa zamani. Imam an-Nawawi ameeleza katika al-Majmuu kuwa qauli sahihi ya madhehebu ya Shafii ni kuwa hukumu za riba za dhahabu na fedha haziingii katika fulus hata zikizagaa sokoni. Imepokewa kutoka kwa Imam Malik kuwa hata ngozi, lau watu wangezifanya kuwa sarafu yao, asingependa zibadilishwe kwa dhahabu au fedha kwa kucheleweshana. Karatasi zilipochukua nafasi ya dhahabu, Akademia ya Fiqhi iliamua mwaka 1986 huko Amman kuwa noti ni fedha kamili, zina zaka na zinaingia riba.

Nasi wa mwambao huu tunayo historia yetu. Karne ya 19, katika njia ya misafara kati ya Kilwa na Ziwa Nyasa, vitambaa na shanga vilikuwa kipimo cha thamani. Ikaja rupia ya Wajerumani, na heller zake kuanzia 1904. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani wakachapisha noti za dharura, na utawala wao ulipoanguka, aliyezihifadhi alibaki na karatasi. Ikafuata shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, na shilingi ya Tanzania mwaka 1966. Basi umbo la fedha hubadilika, na inayokosa wa kuidhamini humwangukia aliyeishika.

Kwa upande wa sheria za nchi, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kuwa sarafu hizi si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa mabadiliko haya, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Muislamu ana wajibu wa kuzijua na kuzitii sheria hizi zinapokuwa za maslahi ya umma.

Kwa muhtasari, katika asili ya kununua na kuuza sarafu hizi kuna ikhtilafu yenye kuzingatiwa. Anayejiepusha amechukua tahadhari kwa dini yake. Anayefuata qauli ya waliojuzisha asitukanwe, lakini afuate qauli hiyo pamoja na masharti yake yote. Na hapo ndipo wengi wanapoponyoka.

Mahali mtaji mdogo unapoponzwa

Mwenye laki moja akinunua sarafu kwa fedha yake, na bei ikapanda kwa asilimia 3, amepata shilingi elfu tatu, kabla ya kutoa makato ya kutuma na kutoa fedha. Ni faida ndogo, na kijana ana haraka. Jukwaa la biashara mtandaoni linalijua hilo, nalo humwambia: "Weka laki moja yako, sisi tutakuongezea laki tisa, ufanye biashara ya milioni moja." Akaunti ndogo inaonekana imekuwa kubwa kwa siku moja.

Hesabu yake ni hii. Bei ikishuka kwa asilimia 10 tu, hasara ya milioni moja ni laki moja, yaani mtaji wote wa kijana. Hapo jukwaa hufunga biashara na kuchukua laki tisa zake zikiwa salama. Na pengine humpa mtu mkopo wa mara mia ya mtaji wake, ambapo kushuka kwa asilimia 1 kunatosha kummaliza. Bitcoin yenyewe ilikuwa karibu dola 69,000 Novemba 2021, na mwaka mmoja baadaye ikawa chini ya dola 16,000. Kwa mali inayotikisika hivyo, asilimia 10 inaweza kuondoka katika usiku mmoja.

Hapa hatuna haja ya ikhtilafu ya Bitcoin, kwa kuwa tatizo liko katika mkopo. Abdullah bin Amr (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) Hadithi, wameitoa Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, inayokataza mambo manne: kuunganisha mkopo na mauzo, kuweka sharti mbili katika mauzo mamoja, kupata faida ya kitu ambacho dhamana yake haijawa juu yako, na kuuza usichokuwa nacho. Mkopo wa jukwaa umeingia katika jambo la kwanza moja kwa moja, kwa sababu jukwaa halikopeshi ila kwa sharti kuwa ununue na kuuza kwake, nalo lichukue ada katika kila hatua. Mara nyingi kuna pia tozo ya kila siku kwa kuchelewesha kulifunga deni, na hiyo ni riba iliyo wazi. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha 18 huko Makka, Aprili 2006, lilitoa uamuzi kuwa biashara ya mkopo wa namna hii haijuzu, na likataja sababu hizi hizi.

Wakulima wa kahawa wa Mbinga wanalifahamu jambo hili kwa jina lingine. Kuna kinachoitwa magoma: mkulima aliyeishiwa hupewa fedha kabla ya msimu, na kahawa ikiiva humpelekea mwenye fedha kwa bei ya chini aliyoipanga yeye. Sheria inayo njia halali ya kupokea fedha kabla ya mavuno, nayo ni bai salam: bei yote ilipwe siku ya mapatano, kiasi, aina na wakati wa kukabidhi vijulikane, na wawili waridhiane kuwa ni mauzo. Lakini inapokuwa ni deni, na mwenye deni akamfunga mdaiwa amuuzie yeye tu kwa bei ya kumnyonya, huo ni mkopo uliovuta manufaa. Jukwaa linalomkopesha kijana ili anunue na kuuza kwake limefanya jambo la jinsi hiyo hiyo. Anayeyachukia magoma shambani hana sababu ya kuyapenda katika simu.

Yanayoambatana na hayo ni mikataba ya kubashiri bei ya baadaye, ambapo mtu hununua na kuuza sarafu ambayo hakuna aliyeimiliki wala atakayeikabidhi. Hii imeingia katika kuuza usichokuwa nacho, na imekaribia maysir iliyokatazwa katika Sura Al-Maida, aya ya 90.

Ahadi ya kukua kila siku

Wengine hawamwambii kijana akope. Humwambia: "Tuachie fedha yako, tutaikuza kwa asilimia 1 kila siku." Hebu tuipime kauli hii kwa hesabu. Laki moja ikikua kwa asilimia 1 kila siku bila kukatika, baada ya mwaka mmoja ni takriban shilingi milioni 3 na laki 8. Baada ya miaka miwili ni zaidi ya milioni 140. Baada ya miaka mitatu imepita bilioni 5. Mtu mwenye elimu ya kufanya hivyo angekuwa na haja gani na laki ya mvuvi wa Ngumbo?

Watanzania walishaonja jambo hili. DECI ilikusanya fedha za watu wengi kwa lugha ya kupanda na kuvuna mbegu, mpaka Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Wanaotangulia hulipwa kwa fedha za wanaofuata, na wa mwisho hukuta ghala tupu. Kula malipo hayo ni kula mali za watu kwa batili, hata kama wewe ni miongoni mwa waliowahi. Na kiasi cha faida kinachodhaminiwa juu ya mtaji uliokabidhiwa kwa mtu akufanyie biashara hakijuzu kwa ijmai, kwani katika mudharaba faida hugawanywa kwa fungu la kile kilichopatikana, na hasara ya mtaji humwangukia mwenye mali maadamu mtendaji hakufanya khiana wala uzembe.

Wavuvi wetu wanaelewa vyema mgao wa haki. Mwenye mtumbwi na nyavu ana fungu lake, waliokwenda majini wana fungu lao, na usiku ukitoka patupu hakuna anayedai dagaa wasiovuliwa.

Masharti kwa anayefuata qauli ya kujuzu

Anayetaka kuingia baada ya kuyajua hayo, na azingatie mambo yafuatayo:

1. Fedha iwe yake, na iwe ya ziada baada ya chakula, karo na madeni. Deni lililofika wakati wake hutangulia biashara.

2. Ununuzi uwe wa papo kwa papo, alipe bei yote na sarafu iingie katika miliki yake kabla ya kuiuza. Kwa waliozipa hukumu ya fedha, kukabidhiana katika kikao kimoja ni sharti, kama ilivyo katika Hadithi ya Ubada bin Samit (r.a.) aliyoipokea Muslim.

3. Asichukue mkopo wa jukwaa hata kidogo, wala asiweke sarafu zake kwa ahadi ya ziada maalumu.

4. Aijue sarafu anayoinunua: inafanya kazi gani na nani yuko nyuma yake. Sarafu ya mradi wa kamari au wa kukopesha kwa riba haijuzu hata bei yake ikipanda.

5. Asiache mali yake yote mikononi mwa jukwaa moja. Novemba 2022 jukwaa la FTX, lililokuwa miongoni mwa makubwa duniani, lilifilisika ghafla, na wateja wakazuiwa kutoa mali zao.

6. Aweke kiwango cha hasara atakachokoma nacho. Aliyepoteza nusu ya mtaji anahitaji kupata asilimia 100 ya kilichobaki ili arudi alipoanzia. Wengi hukimbilia mkopo hapo, wakitaka kurudisha kilichopotea, na hiyo ndiyo tabia ya mcheza kamari.

7. Atoe zaka. Akaunti ndogo peke yake huenda isifike nisabu, lakini huunganishwa na fedha zake nyingine na bidhaa za biashara. Jumla ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu na mwaka wa Hijria ukatimia, hutoa asilimia 2.5 kwa bei ya sokoni ya siku hiyo.

Ibn al-Qayyim katika Zad al-Maad ameigawa hatari mafungu mawili: hatari ya mfanyabiashara anayenunua bidhaa kwa nia ya kuiuza kwa faida akimtegemea Mwenyezi Mungu, na hatari ya kamari ambayo ni kula mali kwa batili. Mtu mmoja anaweza kuanza asubuhi katika fungu la kwanza na jioni akawa katika la pili, ndani ya akaunti ile ile. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilieleza kuwa kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida katika mikataba ya tofauti za bei, ambayo hufanywa kwa mkopo, hupata hasara. Mlango ambao wengi kiasi hicho hutoka mikono mitupu haufai kuitwa njia ya kumtoa masikini katika umasikini wake.

Mali ya amana

Jambo la mwisho ni zito zaidi. Fedha ya msikiti, ya madrasa, ya kikundi cha kuweka akiba, ya yatima, au mtaji wa dagaa ambao mama amemkabidhi mwanawe, haingizwi katika akaunti hizi. Msimamizi wa waqfu na walii wa yatima wameamrishwa kufanya lililo bora na la salama zaidi kwa mali hiyo, na Sura An-Nisaa, aya ya 10, imetoa onyo kali kwa wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma. Mali iliyo katika ikhtilafu ya uhalali na katika hatari ya bei si mahali pa amana. Aliyeitumia bila idhini akapata hasara analazimika kuilipa yote, wala hawezi kusema kuwa alikusudia kheri.

Kwa maimamu wetu, kijana akija na swali lile, mwulizeni maswali manne kabla ya kumjibu: Fedha ni ya nani? Kuna mkopo ndani yake? Unachokiuza unakimiliki? Faida umeahidiwa au unaitafuta? Jibu likiwa kuna mkopo, au anauza asichokimiliki, au ameahidiwa faida maalumu, mwambieni wazi kuwa haijuzu. Likiwa limesalimika na hayo yote, mwelezeni ikhtilafu ya wanavyuoni na masharti tuliyoyataja, na mumkumbushe kuwa dirhamu mbili za yule Ansari zilifika kumi kwa shoka na mgongo wake, baada ya watu wa nyumbani kwake kula.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake tusihitaji haramu, na atubarikie katika kidogo na kingi. Amin. Wallahu aalam.